Vipindi tisa, na Abuu abaki na nani?

Leo sina jaribio la maabara wala picha ya darubini. Nina uhakiki, na ninachokihakiki si kitabu, ni mafunzo. Subirini kidogo nieleze nilivyofika hapo.

Dada yangu (mtoto wa mama mkubwa, yaani dada tu) ana mtoto wa kiume wa miaka mitano, Abuu, mwenye usonji. Jina nimelibadilisha, na dada amelisoma andiko hili kabla yenu akanifutia sentensi mbili. Jioni moja alinipigia simu. Shikamoo dada, marahaba, kisha akaingia moja kwa moja: "Wewe si ndiyo unasoma mambo ya ubongo? Haya, niambie niende wapi."

Kwa kweli ninachosoma mimi ni seli za ubongo wa panya, na panya wangu hawajawahi kuniuliza waende wapi. Lakini ukishajulikana kwenye ukoo kwamba umefika shahada ya pili, huna ujanja, kila swali la hospitali ni lako. Nikafanya ambacho wengi wetu hapa tungefanya. Nikatafuta, nikapata kitu kizuri, nikamtumia kiungo kwa WhatsApp, nikalala nikijiona nimesaidia.

Kitu chenyewe ni mafunzo ya stadi za walezi yaliyoandaliwa na Shirika la Afya Duniani, WHO, kwa ajili ya familia zenye watoto wa miaka 2 hadi 9 ambao ukuaji wao umechelewa au wana ulemavu wa ukuaji, usonji ukiwemo. Kesho yake ukaja ujumbe wa sauti. Nyuma yake namsikia Abuu akirudia tangazo la redio la sabuni, neno kwa neno, mpaka na ule mziki wa mwisho. Dada anasema: "Nimeiona mdogo wangu, nashukuru sana. Vipindi tisa. Na Abuu abaki na nani?"

Sikuwa na jibu. Uhakiki huu umetokana na kukosa jibu.

Kwanza tuyatendee haki mafunzo yenyewe, maana ni mazuri. Nimeyapitia yote, na sijawahi kuona kitu cha shirika kubwa la kimataifa kilichoandikwa kikimfikiria mtu wa kawaida namna hii. Toleo la ana kwa ana lina vipindi tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani. Anayefundisha si lazima awe daktari. Anaweza kuwa mhudumu wa afya wa jamii, mwalimu, hata mzazi mwenzio, mradi ameandaliwa na ana mtu wa kumsimamia. Hilo peke yake ni mapinduzi katika nchi ambako wataalamu wa kuwasaidia watoto wanaochelewa kuongea ni wachache kiasi cha kuhesabika, na karibu wote wako mijini. Tangu 2022 kuna pia toleo la intaneti, bila malipo, ambalo mlezi anajisomea mwenyewe.

Na yanafundisha nini? Mambo madogo madogo. Keti chini usawa wa macho ya mtoto. Usimpokonye anachochezea ukampa unachotaka wewe achezee. Anza na chake. Akifanya kitu, fanya kama yeye. Ongea maneno machache. Ukishaongea, nyamaza, msubiri. Kazi ndefu kama kunawa mikono igawe vipande: kufungua bomba, kulowesha, sabuni, kusugua, kusuuza, kufuta. Mfundishe kipande kimoja kimoja, vingine msaidie. Akipiga kelele au kujigonga, jiulize kabla ya kumchapa: kabla ya hapo kulitokea nini, na baada ya hapo alipata nini? Mara nyingi kelele ile ni sentensi ambayo mtoto hana maneno ya kuisema.

Ukisoma haraka utaona kama ni mambo ya kawaida tu. Lakini nyuma yake kuna ushahidi, na kwenye blogu hii ushahidi ndio unga wetu. Mwaka 2010 watafiti wa Uingereza walichapisha katika The Lancet matokeo ya jaribio lenye watoto 152 wenye usonji. Nusu ya familia zilipata huduma za kawaida. Nusu nyingine, juu ya huduma hizo, wazazi walionyeshwa video zao wenyewe wakicheza na watoto wao, wakasaidiwa kuona vile vidakika ambavyo mtoto alijaribu kuwasiliana na wao hawakumwona. Matokeo ya mwanzo yalikuwa ya wastani sana. Lakini watoto wale walipofuatiliwa, ripoti ya 2016 ilionyesha kwamba karibu miaka sita baadaye dalili za kundi lile zilikuwa nyepesi kuliko za wenzao. Mwaka huohuo wa 2016 wakachapisha toleo lililojaribiwa Goa, India, na Rawalpindi, Pakistan, likifundishwa na watu ambao si wataalamu. Wazazi walizidi kwenda na mtoto, na watoto walizidi kuanzisha mawasiliano wenyewe.

Na mimi nina ushahidi wangu wa mtoto mmoja, ambao katika sayansi hauna uzito wowote ila kwenye familia ni habari ya mwaka. Abuu anapenda visoda. Anavipanga mstari toka mlangoni hadi kwenye kabati, vya rangi moja pamoja, na ole wako ukanyage. Dada kwa miaka miwili alikuwa anavikusanya na kuvitupa ili mtoto "acheze kama watoto wenzake". Mimi nikamsimulia kipindi cha kwanza kwa simu. Jumapili akakaa sakafuni, akachukua visoda vyake mwenyewe, akaanza kupanga mstari wake pembeni ya mstari wa Abuu. Hakusema kitu. Akapanga kama dakika kumi. Abuu akasimama, akauangalia ule mstari, akamwangalia mama yake usoni, akaondoa kisoda kimoja chekundu kilichokaa kwa vyeupe. Dada ananisimulia huku analia: "Alikuwa ananisahihisha, mdogo wangu. Mimi!"

Kwa hiyo naomba nisieleweke kwamba nayaponda mafunzo. Nayahakiki kwa sababu yanafaa. Kitu kisichofaa hakinipotezei muda.

Sasa basi, angalia mpangilio wake. Kipindi cha kwanza hadi cha tatu ni kumvuta mtoto kwenye mchezo na shughuli za nyumbani. Cha nne na cha tano, mawasiliano. Cha sita na cha saba, tabia ngumu. Cha nane, kufundisha ujuzi mpya kwa hatua ndogo. Cha tisa, cha mwisho kabisa, kutatua matatizo na mlezi kujitunza mwenyewe. Unaona? Hata kama mzazi anakumbushwa mapema ajihurumie, mada yake yeye kama binadamu inafika wakati viti vinakunjwa. Vipindi vinane anajengwa awe mikono ya ziada ya mfumo wa afya ambao hauna mikono, halafu mwishoni anaambiwa, na wewe upumzike.

Si kwamba waandaaji ni watu wabaya. Ni suala la kipimo. Majaribio kama yale ya Uingereza yana swali kuu moja: mtoto amebadilika kiasi gani? Mzazi anaingia kwenye hesabu kama njia ya kumfikia mtoto. Ni kama unapopima dawa, huulizi bomba la sindano linajisikiaje. Na kinachopimwa ndicho kinachoripotiwa, kinachoripotiwa ndicho kinachopata fedha za awamu ijayo. Tunaofanya utafiti tunaijua hiyo njia, tumepita humo wenyewe.

Wazazi wakiulizwa wenyewe, wanataja nini? Bahati nzuri wapo walioulizwa, tena kwa Kiswahili, tena pwani yetu. Joseph Gona na wenzake wa Kilifi walichapisha mwaka 2015 utafiti uliofanyika kaunti za Kilifi na Mombasa, wakizungumza na wazazi pamoja na wataalamu kuhusu usonji unavyoelezwa na unavyotibiwa. Watu walitaja pepo, uchawi na laana, na walitaja pia maambukizi, matatizo wakati wa kujifungua, utapiamlo na mambo ya kurithi. Mara nyingi ni familia hiyohiyo inayokwenda kwa mganga, inaombewa, na inakwenda hospitali. Wasomi tunapenda kucheka hapo kwenye pepo. Mimi nimeacha kucheka. Mganga ana kiti, anakusikiliza saa nzima, anakupa sababu na kitu cha kufanya leo. Hospitali moja dada aliyokwenda walimwambia mtoto wa kiume huchelewa kuongea, arudi akifika miaka minne, na nje kulikuwa na foleni.

Mwaka uliofuata, watafiti haohao wakachapisha kazi kuhusu changamoto za wazazi wenyewe. Zilizotajwa: unyanyapaa, kukosa tiba inayofaa, gharama, na mzigo wa kulea. Na walipoulizwa wanavyohimili, wakataja imani, kubadili chakula cha mtoto, na kupata mtu wa kumshika mtoto kwa muda ili wao wapumue. Hilo la mwisho ndilo swali la dada yangu lilelile, limeshaandikwa kwenye jarida tangu 2016. Mimi sikuwa nimelisoma, nilikuwa na panya wangu.

Rudia hiyo orodha uiweke pembeni ya vipindi tisa. Stadi za kucheza zinagusa mzigo wa kulea, sawa, na pengine sana. Hazigusi nauli. Hazigusi jirani anayewavuta watoto wake ndani Abuu akipita. Hazigusi baba wa mtoto aliyehamia Tabora kikazi na simu haipokelewi. Dada anauza vitumbua alfajiri, saa nne anarudi, na kuanzia hapo mpaka usiku Abuu yuko naye kila dakika, kwa sababu chekechea ya mtaani ilimrudisha baada ya wiki mbili. Mafunzo yakifanyika kituo cha afya saa tano asubuhi, aende naye? Abuu akisikia pikipiki karibu anaziba masikio na kulala chini barabarani. "Ya kwenye simu nayo inataka utulivu," aliniambia. "Utulivu nautoa wapi?"

Hapa naomba tutoke kidogo pwani tuende mbali, Marekani, kwa sababu jinsi mzazi alivyowekwa kwenye sayansi ya usonji ina historia, na historia hiyo si nzuri.

Leo Kanner, daktari wa watoto na akili pale Johns Hopkins, Baltimore, ndiye aliyeandika mwaka 1943 kuhusu watoto 11 na kuipa hali hii nafasi yake kwenye vitabu. Aliandika kwamba wanazaliwa hivyo. Lakini pia akaona kwamba wazazi wao ni wasomi na akawaona kama watu wasio na joto la kutosha. Hebu fikiri kama mtafiti: miaka ile, nani angeweza kumfikisha mtoto wake kwa bingwa wa Johns Hopkins? Wasomi! Sampuli ilijichuja yenyewe mlangoni. Mwaka 1949 Kanner akafananisha malezi ya watoto wale na kuwekwa kwenye jokofu lisiloyeyuka barafu, na mfano huo ukashika kuliko data. Bruno Bettelheim wa Chicago akaja kuutia nguvu na kitabu chake cha 1967, The Empty Fortress, kilichosomwa sana. Kwa miaka mingi mama Mmarekani aliyekwenda kutafuta msaada alipokewa kama mtuhumiwa, na msaada wenyewe wakati mwingine ulikuwa kumtenga na mwanawe. Ukiondoa jokofu ukaweka laana ya ukoo, maneno ni yaleyale ambayo dada aliambiwa na mawifi zake.

Nani aliwatoa hapo? Hapa ndipo panaponivutia zaidi. Bernard Rimland alikuwa mwanasaikolojia wa jeshi la wanamaji, San Diego, na mtoto wake Mark, aliyezaliwa 1956, alikuwa akilia bila kukoma na kurudiarudia maneno. Mke wake, Gloria, ndiye aliyekumbuka kuwa aliwahi kusoma kitu kama hicho kwenye kitabu chake cha chuo. Rimland akasoma kila alichokipata kuhusu usonji, na mwaka 1964 akatoa kitabu kilichoonyesha kwamba nadharia ya mama baridi haina msingi, hili ni suala la mwili na ubongo. Kanner mwenyewe aliandika dibaji. Mwishoni mwa kitabu kulikuwa na dodoso la dalili. Wazazi wakalijaza, wakalituma kwa posta. Barua zikawa nyingi. Mwaka 1965 wazazi hao, pamoja na Rimland na Ruth Sullivan, ambaye naye alikuwa mama wa mtoto mwenye usonji, wakaanzisha chama chao cha kitaifa. Mwaka 1969 Kanner alisimama mbele ya mkutano wa chama hicho akawaondolea wazazi lawama hadharani. Utafiti wa mapacha wa Folstein na Rutter, uliotoa ushahidi mzito wa urithi, ulikuja 1977.

London ni hivyohivyo. Chama cha wazazi 1962, shule yao wenyewe Ealing 1965. Mmoja wa waanzilishi, Lorna Wing, alikuwa daktari wa akili na mama wa binti mwenye usonji, na ndiye aliyefanya na Judith Gould utafiti wa Camberwell wa 1979 uliotupatia picha ya usonji kama hali yenye sura nyingi, za uzito tofauti. Yaani kikundi cha wazazi kilitangulia, sayansi ikafuata nyuma, wakati mwingine kwa miaka kumi na mbili. Sisi kwenye mihadhara tunaisimulia kinyume, kana kwamba maabara iligundua na wazazi wakapokea kwa shukrani.

Lakini ngoja, usinipigie makofi bado. Ningekuwa mhakiki wa uongo kama ningeishia hapo, kwa sababu Rimland ana sura ya pili. Huyohuyo aliyewatoa akina mama kwenye lawama aliendelea kusukuma vitamini kwa dozi kubwa, na mwaka 1995 akaanzisha mtandao uliokuja kueneza hofu ya chanjo na tiba za kuondoa madini mwilini ambazo hazina ushahidi na zina hatari. Mtandao ule wa wazazi uliosafirisha ukweli ulisafirisha na uongo, kwa kasi ileile. Andrew Wakefield alipochapisha makala yake ya watoto 12 mwaka 1998, alikuta barabara imeshachongwa. Jarida liliifuta makala hiyo 2010. Denmark wakaangalia watoto 657,461, wakachapisha 2019, na waliochanjwa surua hawakuwa na usonji zaidi ya wasiochanjwa. Kinachowachanganya watu ni muda. Chanjo ya surua na rubela kwetu hutolewa miezi 9 na miezi 18, na umri huo ndio mzazi anaanza kuona mtoto haitikii jina lake. Kwenye kundi la WhatsApp ambalo dada aliunganishwa, wiki ya kwanza tu alitumiwa tangazo la dawa ya matone inayotibu usonji kwa siku 21. Hakuna dawa inayotibu usonji. Anayekuuzia moja, muulize kwa nini anauza kwenye kundi la akina mama.

Kwa hiyo nasimama wapi? Nasimama na benchi. Kwenye kliniki ambayo hatimaye ilimpima Abuu (walianza na masikio, na ndivyo inavyotakiwa, maana mtoto asiyesikia naye haitikii jina), dada alikaa saa tatu kwenye benchi la mbao pembeni ya mama mwingine. Ndani kwa daktari alikaa dakika kumi na tano. Akiniambia alichopata siku ile, cha daktari ni kimoja: jina la hali ya mtoto. Kikubwa, sikatai. Vya benchini ni vingi. Kwamba nguo zenye lebo shingoni zinamwasha, ukate lebo. Kwamba shuleni uende wakati wa mapumziko uone mwenyewe, usiishie ofisini. Kwamba ukimwambia kondakta mapema "mwanangu ana ulemavu, akipiga kelele usishangae", wengi wanakuwa waungwana kuliko unavyodhani. Na kwamba yule mama anakaa vituo viwili tu kutoka kwa dada.

Benchi hilo ndilo mafunzo ya WHO yanaligusa bila kulitaja vizuri. Kundi la walezi wanaokutana mara tisa ni kundi la watu wanaofahamiana. Wakimaliza, mpango unasema mafunzo yamekwisha. Mimi nasema hapo ndipo yameanza, kama kuna mtu wa kulishikilia kundi lisigeuke soko la matone. Ningependa majaribio ya Ethiopia na Kenya yatuambie kitu kimoja zaidi ya alama za mtoto na za mlezi: mwaka mmoja baada ya kipindi cha tisa, wangapi bado wanapigiana simu? Si kipimo kigumu. Kinahitaji dodoso la ukurasa mmoja.

Na lipo lile la nani anabaki na mtoto. Huwezi kulijibu kwa stadi. Linajibiwa kwa chumba cha pili, mikeka, wasichana au vijana wawili waliofundishwa, na bajeti ya nauli. Kenya wana ruzuku ya Sh 2,000 kwa mwezi kwa kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji mlezi muda wote. Ni ndogo, haifiki mbali, lakini angalau mtu fulani serikalini alishaandika kwenye karatasi kwamba kulea hivi ni kazi inayokula siku nzima. Wazazi wa Nairobi hawakusubiri hata hilo. Mwaka 2003 walianzisha chama chao, Autism Society of Kenya, na watoto wakapata kitengo ndani ya shule ya serikali, City Primary pale Ngara. Dar es Salaam shule kama Msimbazi Mseto zina kitengo cha watoto wenye usonji. Lakini ukikaa Mbagala, hesabu mwenyewe daladala za kwenda na kurudi mara mbili kwa siku na mtoto anayeogopa honi.

WHO inakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Chukua shule ya msingi yenye wanafunzi 1,000: ni kama wanane. Kila tarehe 2 Aprili tunavaa bluu, tunapiga picha, tunasema uelewa uongezeke. Nimevaa na mimi, picha ipo. Hao wanane wanakaa wapi siku ya tarehe 3?

Kama wewe msomaji ndiye mzazi, na umefika hapa ukitafuta pa kwenda, nitakwambia nilichomwambia dada safari ya pili, baada ya kuaibika safari ya kwanza. Usisubiri jina la hali ndipo uanze kucheza naye chini. Yale ya visoda hayahitaji cheti. Masikio yapimwe. Chanjo apate. Ukiitwa kwenye mafunzo yoyote, kabla hujauliza yanafundisha nini uliza mtoto atakaa na nani na nauli ni ya nani, na usione haya, swali hilo limeshachapishwa. Tafuta mzazi mmoja, mmoja tu, aliye karibu kwa miguu. Na usikilize pia watu wazima wenye usonji wakizungumza wenyewe. Jim Sinclair, mwenye usonji, aliwaambia wazazi mwaka 1993 wasimlilie mtoto aliye hai mbele yao kana kwamba amekufa. Huzuni yao ni ya mtoto waliyemtarajia, na huyu aliyepo anawahitaji. Dada hilo lilimkasirisha kwanza. Siku tatu baadaye akaniomba nimrudie.

Yeye na yule mama wa benchini sasa wana mpango. Jumamosi moja watoto wote wawili kwa dada, Jumamosi inayofuata wote kwa mwenzake. Wa kwanza anapanga visoda, wa pili anazungusha feni ya mezani, hawagombani kwa sababu hawajali. Anayebaki huru anafanya anachotaka. Jumamosi ya kwanza dada alilala saa nne mfululizo, mchana, na hakusoma kipindi chochote.

Kipindi cha nne nimemrekodia jana usiku kwa Kiswahili cha nyumbani, bila neno la kitabuni. Ni dakika kumi na moja. Amesema atakisikiliza akikaanga.